Pepo Huyu Apigiwe Ngoma Gani? Usambara na swali la muziki wa tiba

Mwaka 1936, jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya London lilichapisha makala yenye kichwa cha Kiswahili: "Ngoma ya Sheitani". Mwandishi wake, Hans Koritschoner, alikuwa mzaliwa wa Vienna aliyehamia Tanganyika. Baadaye alibadili jina akaitwa Hans Cory, na serikali ya kikoloni ikamwajiri kuchunguza mila na sheria za wenyeji. Makala hiyo ilihusu tiba. Mtu ameugua ugonjwa usioshikika, ndugu wamehangaika huku na huku, kisha anaitwa fundi. Mgonjwa anafukizwa, ngoma zinapigwa, watu wanaimba na kuitikia, mpaka aliyemo ndani ya mgonjwa aseme ni nani na anataka nini.

Fundi yule alikuwa na kazi ambayo leo inaumiza vichwa vya madaktari wa Baltimore na London wanaowatibu watu kwa silosaibini, kiini cha uyoga wa njozi. Akili ya mgonjwa ikishafunguka, apigiwe nini? Wimbo gani utangulie, upi ungoje, upi usiguswe kabisa? Madaktari wa aina hiyo wamekuwa wakiandika majibu yao tangu miaka ya 1970. Huku kwetu jibu lilikuwapo zamani, nalo linatofautiana na lao katika jambo kubwa: ngoma ya pepo haikupangwa kabla ya mgonjwa kufika.

Isidhaniwe kwamba Wasambaa walikuwa na uyoga wa aina hiyo katika uganga wao. Uyoga wa Usambara unaojulikana ni wa chungu. Mvua zikinyesha, uyoga wa kwenye vichuguu huchumwa, hupikwa, na wa ziada hukaushwa. Mtaalamu wa uyoga kutoka Finland, Marja Härkönen, alizunguka Tanzania kwa miaka akiwa na mtaalamu wa mimea Leo Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Usambara ilikuwa mojawapo ya sehemu walizokusanya. Kitabu chao cha mwaka 2003, walichokiandika pamoja na Tuomo Niemelä, kinashughulika hasa na kuutenganisha uyoga wa kuliwa na ule wa kudhuru. Ni kazi yenye manufaa kuliko hekaya yoyote ya njozi, kwa kuwa uyoga mmoja wenye sumu unaweza kuua nyumba nzima.

Mlango wa mizimu na mapepo milimani ulikuwa mwingine: moshi wa ubani, mvuke wa majani, giza, na sauti.

Habari kamili za ngoma hizi zilizoandikwa na mwenyeji zimo katika "Desturi za Wasuaheli", kitabu kilichotolewa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maandishi yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mtoro anaeleza kupunga pepo kama mtu anayeeleza ufundi wenye taratibu zake, bila kuutetea na bila kuudhihaki. Kila pepo ana kabila lake, na kila kabila lina ngoma, nguo, chakula na manukato yake. Dungumaro ni jina la pepo, na ni jina la ngoma anayopigiwa vilevile.

Orodha hiyo ni ndefu kuliko anavyodhani mtu wa nje. Huko Unguja, maruhani, pepo wa Kiarabu wanaohesabiwa kuwa Waislamu, hutaka marashi na nyimbo zinazokaribiana na zikiri. Kibuki, pepo wa kutoka Bukini, hutaka kodiani na pombe kali, jambo ambalo maruhani hawawezi kulivumilia. Wapo pepo wa Kimasai wanaotaka rangi nyekundu na uimbaji wa nyikani. Linda Giles aliyafanyia utafiti makundi haya ya mwambao katika miaka ya 1980, na Kjersti Larsen akaandika kitabu kizima kuhusu wanadamu na mapepo wa Unguja kilichotoka mwaka 2008. Kazi zao zinaonyesha kwamba muziki haukuwa pambo la tiba hii. Ulikuwa njia ya kupimia. Fundi hujaribu wimbo wa kabila moja, akamtazama mgonjwa: bega limetikisika? Pumzi imebadilika? Kama ametulia tuli, wimbo unaachwa, unaletwa wa kabila jingine. Usiku unaweza kupita, na hata siku kadhaa, kabla pepo hajapanda kichwani.

Hapo ndipo mtu anapouona uzito wa elimu ya fundi. Alipaswa kuwa na nyimbo za makabila mengi kichwani, kuwa na wapigaji wanaoweza kubadili mdundo kwa ishara ya jicho, na kuwa na waitikiaji ambao hawachoki saa nane za usiku.

Milimani mapepo yalipanda pamoja na watu. Usambara haikuwa kisiwa. Chini yake, kando ya mto Pangani, ilipita njia ya misafara. Mazinde, mji wa mtawala Semboja, ulikuwa njiapanda ya biashara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Wakilindi uliokuwa na makao Vugha ulivurugika, na Steven Feierman ameandika kwa kina jinsi vita na biashara vilivyoyageuza maisha ya Wasambaa. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Vijana walishuka kwenye mashamba ya mkonge wakapanda tena na fedha, nguo, na magonjwa ambayo waganga wa zamani hawakuwa na wimbo wake. Haishangazi basi kwamba Barbara Thompson, aliyeandika tasnifu ya mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Iowa kuhusu sanaa za uganga wa Wasambaa, aliipa jina la Kishambaa linalozungumzia kurejea kwa mpheho, yaani pepo. Vibuyu, vyungu, nguo, ngoma na nyimbo anavichukua kama kitu kimoja.

Cory naye aliukuta uhusiano huo mahali pengine. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu vinyago vya udongo vinavyotumika unyagoni na jandoni, Wasambaa wakiwamo, kila kinyago kina wimbo wake. Kinyago kikionyeshwa bila wimbo, mwari hajafundwa. Kwa watu waliolelewa hivyo, mganga aliyefika na dawa bila nyimbo angeonekana ameacha nusu ya mkoba nyumbani.

Mbali na hapa, huko Huautla de Jiménez katika jimbo la Oaxaca, Meksiko, María Sabina alikuwa akifanya kazi inayofanana, ila yeye uyoga ulikuwamo. Mganga huyu wa Kimazateko aliwalisha wagonjwa uyoga usiku, gizani, na yeye mwenyewe akala, kisha akaimba mpaka karibu na alfajiri, akipiga makofi. Usiku wa tarehe 29 Juni 1955 alimkaribisha Mmarekani Gordon Wasson, mtu wa benki aliyependa uyoga. Mwaka 1957 Wasson aliandika habari zake katika gazeti la Life, na mwaka huohuo kampuni ya Folkways ikatoa sahani ya santuri ya uimbaji wa usiku kama huo. Kwa hiyo habari za uyoga na nyimbo zake zilitoka nje karibu wakati mmoja. Wageni waliofuata walichukua uyoga wakaacha nyimbo.

Waliporudi maabara walijikuta wanahitaji nyimbo, wakatafuta za kwao. Helen Bonny, mpiga fidla aliyekuwa katika Kituo cha Utafiti wa Akili cha Maryland, aliandika mwaka 1972 pamoja na Walter Pahnke makala iliyogawanya kikao katika hatua sita, kuanzia kabla ya dawa kushika hadi mtu anaporudi katika hali ya kawaida, na kila hatua ikapewa muziki wake. Bill Richards, aliyeendeleza kazi hiyo na kuipeleka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alitengeneza orodha inayoegemea Bach, Brahms na Górecki, mgonjwa akiwa amelala kwenye kochi, macho yamefungwa kwa kitambaa, masikioni ana hedifoni. Mwishoni huja Louis Armstrong kumrejesha duniani. Kwa sadfa, Richards mwenyewe aliionja silosaibini kwa mara ya kwanza mwaka 1963 akiwa mwanafunzi Göttingen, mji uleule kilikochapishwa kitabu cha Velten na Mtoro.

Orodha hiyo ni ya watu wazito na imewasaidia wengi. Lakini ni orodha ya Ulaya, na kwa miaka mingi ilichukuliwa kana kwamba ni ya binadamu wote. Mwaka 2020 watafiti wa Johns Hopkins walichapisha jaribio dogo la watu 10 waliokuwa wakiacha sigara, wakilinganisha muziki huo wa Ulaya na ule wa magongi, mabakuli ya Kitibeti na didgeridoo ya wenyeji wa Australia. Muziki wa Ulaya haukushinda. Ngoma ya Kiafrika haikuwamo katika mizani.

Huko London, Mendel Kaelen wa Imperial College alichunguza wagonjwa 19 wenye sonona sugu. Matokeo yake ya mwaka 2018 yangemfanya fundi wa Bumbuli, huko Usambara, atabasamu. Nafuu ya mgonjwa baada ya wiki moja haikutabiriwa na ukali wa dawa. Ilitabiriwa na jinsi alivyoupokea muziki: kama aliupenda, kama ulimwafiki, kama ulikuwa wake. Muziki usiomwafiki ulimfungia mlango.

Swali la jinsi muziki unavyoigusa akili lilikwisha zua mabishano kabla ya hapo. Mwaka 1962 Andrew Neher alidai kwamba mdundo wa ngoma huyavuta mawimbi ya ubongo, na kwamba hiyo ndiyo siri ya watu kupagawa. Mfaransa Gilbert Rouget, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu muziki na kupagawa, aliipinga hoja hiyo kwa mifano kutoka pande nyingi za dunia. Kama mdundo peke yake ungetosha, alisema, nusu ya Afrika ingekuwa imepagawa mwaka mzima. Rouget yuko sahihi. Wasambaa wamecheza mdumange kwenye sherehe kizazi baada ya kizazi bila yeyote kupandisha pepo kwa sababu ya kasi ya ngoma. Anayepanda ni yule aliyeitwa kwa wimbo wake, mbele ya watu wanaojua kwamba ameitwa. Ng'ambo ya tambarare za Mkomazi, huko Taita, Grace Harris aliandika mwaka 1957 kuhusu saka, hali iliyowashika wanawake wakitetemeka hata kwa kusikia mluzi wa garimoshi, na tiba yake ikawa kuwachezea ngoma hadharani. Mluzi ule ulibeba habari za miji, mishahara na waume walioondoka.

Mfano wa Kiafrika ulio karibu zaidi na uyoga ni Bwiti ya Gabon, ambako mzizi wa iboga huliwa na kinubi cha ngombi chenye nyuzi nane hupigwa usiku kucha. Wafang huichukulia sauti ya ngombi kuwa ni ya mhusika wa kike mwenye huruma, anayemshika mkono msafiri. Huko pia hakuna anayeula mzizi peke yake na kuchagua muziki baadaye.

Huko Usambara ilijaribiwa pia njia nyingine ya kutibu akili. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo Mlalo mwaka 1891. Lutindi, juu ya Korogwe, ilianza kama makao ya watumwa waliokombolewa, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki, na ipo hadi leo. Dawa yake kuu ilikuwa utulivu na kazi za mikono, kwa kufuata mtindo wa Bethel ya Bielefeld. Kwa muda mrefu milima hiyohiyo ikawa na Lutindi ya kimya upande mmoja, na kilinge cha ngoma upande mwingine, huku familia zikipanda na kushuka kati ya viwili hivyo. Feierman ameonyesha vizuri kwamba wanaoamua safari hizo ni ndugu wa mgonjwa wakishauriana, wala si mgonjwa na tabibu peke yao.

Sheria ya leo nayo iko wazi. Silosaibini imo katika jedwali kali zaidi la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Tiba asili ina sheria yake, Namba 23 ya mwaka 2002, na Muhimbili imekuwa ikichunguza mitishamba tangu mwaka 1974. Majani na mizizi vimepimwa na kupewa majina ya kisayansi. Nyimbo zilizokuwa zikienda na majani hayo zinastahili uangalizi uleule: wimbo umeimbwa kwa pepo wa kabila gani, saa ngapi ya usiku, umefuata upi, na mgonjwa alifanya nini uliposikika.

Wa kuandika hayo awe na tahadhari. Wasson alimficha María Sabina kwa jina la bandia, na bado wageni walimpata. Majirani walimlaumu, nyumba yake ikachomwa moto. Waganga wa Lushoto na Bumbuli wana haki ya kuamua ni wimbo upi utoke nje na upi ubaki kilingeni.

Kaelen ameanzisha London kampuni ya Wavepaths, inayotengeneza muziki unaobadilika kadiri hali ya mgonjwa inavyobadilika kikaoni. Ni hatua nzuri, na ni hatua ya kuelekea alikokuwa fundi aliyemtazama mgonjwa bega na pumzi. Programu hiyo bado inamwimbia mtu mmoja kwenye kochi. Kilingeni wimbo uliitikiwa na mama yake mgonjwa, shemeji zake na majirani, na kesho yake asubuhi ni haohao waliobaki naye.