Moto wa Tondo na riwaya za mapenzi za Ufilipino

Oktoba 2025 Ufilipino ilikuwa mgeni wa heshima katika Maonesho ya Vitabu ya Frankfurt, na kaulimbiu yake ilichotwa kutoka kwa José Rizal. Heshima hiyo inamstahili. Riwaya yake Noli Me Tangere, iliyochapishwa Berlin mwaka 1887, ni kitabu ambacho mwanafunzi wa Kifilipino hamalizi shule bila kukisoma, na mapenzi ya Ibarra na María Clara yamo humo. Lakini waliowazoesha Wafilipino wa kawaida kununua hadithi kwa hiari yao, kwa fedha yao ndogo na kwa lugha yao, ni watunzi wa mapenzi. Hao wameishi kwa kudharauliwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekesha akifuatilia tamthilia ya The Promise anaijua mikasa yao: Yna binti wa maskini, Angelo mtoto wa matajiri, na siri za wazazi zinazofumuka siku baada ya siku. Mikasa hiyo ni mikongwe kuliko televisheni. Mara tu Wahispania walipoondoka na Wamarekani kuingia, magazeti ya Manila yalijaa riwaya za Kitagalog za mfululizo. Banaag at Sikat ya Lope K. Santos, iliyotoka kama kitabu mwaka 1906, inamtia Delfin, mwanahabari mjamaa, katika penzi na Meni, binti wa tajiri, na kurasa nyingi za mapenzi yao ni mabishano juu ya haki za wafanyakazi. Huko Iloilo, Magdalena Jalandoni alikuwa msichana mdogo alipotoa riwaya yake ya kwanza kwa Kihiligaynon. Mwaka 1922 lilizaliwa jarida lililokuja kuitwa Liwayway, kisha wakafuata ndugu zake wa Kibisaya, Kihiligaynon na Kiilokano, na hadithi za mapenzi zikapata njia ya kufika vijijini.

Mwaka 1935 vijana wasomi wa Manila waliunda chama cha Panitikan. Miongoni mwao walikuwemo mshairi Alejandro Abadilla na Teodoro Agoncillo, ambaye baadaye alivuma kama mwanahistoria. Walikuwa wamesoma katika shule za Kiingereza zilizoanzishwa na Wamarekani, na waliporudi kwenye riwaya za Kitagalog zikawachefua: machozi mengi mno, yatima anayegundulika kuwa mtoto wa bwana mkubwa, bahati inayotokea pale pale mtunzi alipokwama. Mwezi Machi 1940 wakakutana Plaza Moriones, mtaa wa Tondo, wakazitia moto kazi za wenzao walizozihukumu kuwa hazina thamani ya sanaa.

Wangeweza kuchagua kiwanja kingine. Tondo ni mtaa wa makuli na mafundi kando ya bandari, na ndiko alikozaliwa Andrés Bonifacio aliyeongoza mapinduzi ya 1896. Huko huko Francisco Balagtas alijifunza utunzi kabla ya Florante at Laura, utenzi wa mwaka 1838 ambao nao ni hadithi ya wapenzi waliotenganishwa na madhalimu.

Mhakiki Soledad Reyes, ambaye kazi zake ndizo zinazoongoza makala haya, ametumia miaka mingi kuonesha kosa la hukumu ile. Hoja yake ni kwamba riwaya hizi zimetokana na tenzi za kale na masimulizi ya mateso ya Yesu yanayoghaniwa wakati wa Kwaresima. Kuzipima kwa kipimo cha riwaya ya uhalisia ya Ulaya ni kuzidai jambo ambalo hazikuahidi. Mimi naongeza kwamba vijana wale hawakukosea katika kila kitu, kwani zilikuwemo hadithi zilizovutwa kama mpira ili toleo lijalo linunuliwe. Hata hivyo, kuchoma kitabu kilichompa raha mfua nguo ni kumwambia kwamba machozi yake hayana maana.

Moto haukuzuia kitu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuja komiki, zikasomwa kwa kukodishwa dukani kwa senti chache, mteja ameketi kwenye benchi papo hapo. Miaka ya 1980 vikaja vijitabu vya Valentine Romances, na mwaka 1992 Precious Hearts Romances: vidogo, vya karatasi duni inayogeuka njano upesi, mara nyingi jina la Kiingereza jaladani na Kitagalog ndani. Malkia wake alikuwa Martha Cecilia, aliyefariki mwaka 2014. Katika mfululizo wake wa Kristine aliubuni mji wa Paso de Blas na ukoo wa Fortalejo, wenye ardhi na farasi, na watoto wa wapenzi wa kitabu kimoja wakakua kuwa wapenzi wa kingine. Mwaka 2010 kampuni ya televisheni ya ABS-CBN iliufanya mfululizo huo tamthilia. Kwamba shujaa kila mara ni tajiri mwenye damu ya Kihispania ni lawama ya haki, nami naiunga mkono.

Lawama hiyo imejibiwa na watunzi wenyewe. Mwaka 2013 Mina V. Esguerra alianzisha mafunzo ya mtandaoni ya kuandika riwaya za mapenzi, na humo likachipuka kundi la RomanceClass, linaloandika kwa Kiingereza juu ya Wafilipino wa leo wenye kazi za ofisini, foleni za Manila na mama wasiokoma kuuliza harusi ni lini. Mwaka 2020 mmoja wa watunzi wa kundi hilo, Carla de Guzman, alitoa Sweet on You, mapenzi ya mwoka mikate na mwenye mkahawa wa kahawa mjini Lipa, Batangas. Mchapishaji wake ni Carina Press, tawi la Harlequin, kampuni ambayo kwa miongo mingi wasomaji wa Manila walinunua kwake mapenzi ya Wazungu.