Ubishi wa Profesa na Mwanafunzi

Juzi kijiweni washkaji walibishana, Windows au Linux, nusura soda zimwagike. Nikakumbuka ubishi wa mwaka 1992.

Tarehe 29 Januari, Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, aliyetoa Minix mwaka 1987 ili kufundishia, aliandika kuwa Linux imepitwa na wakati. Kosa lake? Kiini chake kinabeba kazi zote chenyewe badala ya kuzigawia programu ndogondogo. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 22, alijibu kwa ukali. Kesho yake akaomba radhi kwa lugha aliyotumia, ila hoja hakuiacha.

Sasa sikia hii. Mwaka 2004 mwandishi mmoja wa Marekani alidai Linus hakuiandika Linux mwenyewe. Nani alisimama kumtetea? Tanenbaum yuleyule! Wala hakubadili msimamo wake kuhusu muundo wa Linux.

Leo simu za Android zinaendeshwa na kiini cha Linux, na Intel iliingiza Minix ndani ya chipu zake. Wote wawili wamo mifukoni na mezani kwetu. Tubishane basi, ndugu zangu, lakini haki ya mwenzako usiifiche.