Cron, GitHub Actions au Airflow: Kazi ya usiku ikikwama, nani atakuambia?

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata kuu. Walipokimbilia nakala rudufu, hazipo! Kazi ya kuzitengeneza ilikuwa imepangwa ijiendeshe yenyewe kwa cron, lakini ilikuwa inafeli, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi mwenyewe kwa mkono saa kadhaa kabla.

Kwa hiyo unapochagua programu ya kuendesha kazi zako, anza na swali hilo: ikifeli, utajuaje?

Cron ipo tangu enzi za Unix ya miaka ya 1970. Unaandika mstari mmoja tu: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, kisha amri. Ni bure na kwa kazi nyingi inatosha kabisa. Ila seva ikiwa imezimika muda huo, kazi inarukwa kimyakimya. Kwenye Linux, systemd ina taima zenye mpangilio wa Persistent. Seva ikiwaka, kazi iliyokosa inafanyika. Kama ofisini kwenu umeme unakatika mara kwa mara, hamia huku.

GitHub Actions ni rahisi kama msimbo wako tayari upo GitHub. Angalia saa tu: kwa kawaida inasoma UTC, na Dar es Salaam na Nairobi ziko saa 3 mbele. Ripoti ya saa 2 asubuhi unaiandikia 5, si 8. Pia huchelewa, hasa dakika ya sifuri ambayo kila mtu anaipenda, basi weka hata 17. Mradi wa wazi ukikaa siku 60 bila shughuli, ratiba inazimwa.

Airflow, iliyoanzia Airbnb mwaka 2014, ni ya kazi zinazotegemeana: ya pili haianzi mpaka ya kwanza imalize, na ikifeli inajaribu tena. Lakini inataka hifadhidata yake na mtu wa kuiangalia. Kwa skripti tatu, hiyo ni kukodi lori kubeba mkate.

Yoyote utakayochukua, mwisho wa skripti ongeza mstari wa kutuma ishara kwa huduma kama Healthchecks.io. Ishara isipofika kwa wakati, unatumiwa ujumbe.