Simba wa Rongai hajapotea njia

Kila simba akionekana Rongai ama Kitengela, maneno ni yale yale: "Simba ametoroka mbugani." Picha inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp, wasee wanacheka, KWS wanaitwa. Mimi hilo neno "ametoroka" hunikera. Kutoroka ni kwa jela. Mbuga ya Nairobi ina fensi pande tatu, lakini kusini, kule mto Mbagathi, imeachwa wazi makusudi ndio wanyama watoke na kurudi wakifuata nyasi na maji.

Hebu turudi nyuma. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, mji ukaanzia kwa kinamasi katikati ya malisho ya Wamaasai. Juni 1900, afisa wa polisi anaitwa Charles Ryall akaenda stesheni ya Kima kuvizia simba aliyekuwa anakula watu. Akajificha ndani ya behewa na wenzake wawili. Usingizi ukamshika. Simba akaingia humo humo ndani, akambeba, akatoka naye dirishani. Na hizi si stori za jaba, behewa lenyewe liko Makumbusho ya Reli hapa tao.

Enzi hizo dawa ya simba ilikuwa bunduki, basi. Baadaye akaja Mervyn Cowie, aliyetaka wanyama walindwe. Serikali ikijikokota, akaandika barua gazetini kwa jina la uongo, akijifanya mlowezi anayetaka wanyama wote wamalizwe. Watu wakawaka, presha ikapanda, na 1946 mbuga ikafunguliwa, kilomita 117 za mraba. Ujanja mtamu, lakini wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakilisha hapo ndio walifungiwa nje. Simba wakapewa mpaka kwa ramani, na hakuna simba anayesoma ramani.

Halafu mji ukakua. Kitengela iligawanywa ploti, fensi zikaota. Kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kidogo kwa kila ekari ili wasizungushe fensi. Wazo poa, lakini pesa hiyo haingeshindana na ya broka wa ploti.

Juni 2012 wakaazi wa Kitengela waliua simba sita baada ya mifugo yao kuliwa. Mtandaoni watu walilia sana, wengi wao wakiwa mbali na boma lolote. Ni rahisi kupenda simba ukiwa Westlands. Mbuzi nane kwa mtu wa huko si nyama choma, ni karo.

Machi 2016 ikawa zamu ya Mohawk, simba dume wa umri wa miaka 13 hivi, aliyefika hadi Isinya. Umati ukamzunguka, watu wakataka picha, bodaboda zikapiga kelele. Alipomjeruhi mtu mmoja, askari wa KWS walimpiga risasi. Hasira zote zikaenda kwa KWS, na umati uliomchokoza ukarudi nyumbani na video zake. Julai 2021, simba mwingine akaingia mtaani Rongai, na hapo mambo yakaenda vizuri: akapigwa dawa ya usingizi, akarudishwa mbugani. Kwa hivyo inawezekana, mradi watu wakae mbali na daktari wa wanyama afike mapema.

Suluhisho ninaloliheshimu zaidi lilitoka kwa kijana wa hapo hapo. Richard Turere alikuwa na miaka 11 hivi alipogundua simba huogopa taa inayotembea. Akaunganisha betri ya gari, sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, taa zikawa zinamulika kuzunguka boma usiku kucha. Mapema 2013 akapanda jukwaa la TED akaeleza. Hakuna aliyehamishwa na hakuna aliyeuawa.

Aprili 2025, simba jike alimuua msichana wa miaka 14 kwenye ranchi iliyopakana na mbuga. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe milioni 5. Kufika kwa hiyo pesa ni safari nyingine ya fomu, kamati na kungoja miaka. Mji mzima unajisifu kwa watalii kwamba ndio una simba karibu na maghorofa, na wanaongojea hiyo hundi ni watu wa upande mmoja tu wa mto.