Redio Iliyotangaza Kutoka Baharini

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu redio yenyewe. Tutakwenda Uingereza, mwaka 1964, tuone jinsi meli moja kuukuu ilivyoisumbua Serikali.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Wakati ule katika Uingereza nzima ni shirika moja tu lililoruhusiwa kutangaza kwa redio, nalo ni BBC. Tena BBC ilikuwa na mapatano na makampuni ya santuri na chama cha wapiga muziki kwamba santuri zipigwe kwa saa chache tu, ili wapiga muziki wasikose kazi. Basi vijana waliopenda muziki mpya wa roki waliusikia kwa nadra. Usiku walifungulia Radio Luxembourg ya ng'ambo, lakini huko nako makampuni makubwa yalinunua saa nyingi na kupiga santuri zao wenyewe.

Palikuwa na kijana wa Kiayalandi mjini London, jina lake Ronan O'Rahilly. Alimsimamia mwanamuziki mmoja, Georgie Fame, na husimuliwa kwamba alizunguka na santuri yake akitafuta redio ya kuipiga, asiipate. Akaona dawa ni kuwa na redio yake mwenyewe. Lakini leseni angeipata wapi? (Mwalimu, andika ubaoni: LESENI. Ni hati ya ruhusa itolewayo na Serikali.)

Jibu lilikuwa baharini. Siku zile sheria ya Uingereza ilifika maili 3 tu kutoka pwani. Kupita hapo, bahari haikuwa ya nchi yo yote. O'Rahilly akapata meli ya zamani ya abiria kutoka Denmark, akaipeleka bandari ya Greenore kwao Ayalandi, iliyokuwa mali ya baba yake. Huko wakasimamisha mlingoti mrefu na kufunga mitambo. Meli akaiita Caroline, jina la binti mdogo wa Rais Kennedy wa Marekani. Tarehe 28 Machi 1964, ikiwa imetia nanga mbele ya pwani ya mashariki ya Uingereza, Radio Caroline ilianza matangazo yake.

Watu wakaifuata kwa mamilioni. Wenye biashara wakalipa ili bidhaa zao zitangazwe. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Caroline iliungana na redio ya meli nyingine, Mi Amigo. Caroline ikahamia karibu na kisiwa cha Isle of Man, na Mi Amigo ikabaki kusini. Wengine nao wakaiga, hata pwani ikazungukwa na redio za namna hii.

Msidhani ilikuwa kazi ya raha. Chakula, maji na mafuta vililetwa kwa mashua, na bahari ikichafuka mashua haiji. Januari 1966 dhoruba ilisukuma Mi Amigo mpaka ufukoni huko Frinton, watu wakaokolewa.

Serikali ilikasirika, na kwa haki tuseme haikukosa hoja. Redio hizi zilitumia mawimbi ambayo hazikupewa, na matangazo yakigongana, hata vyombo vya baharini vyaweza kukosa kusikia mwito wa hatari. Kisha Juni 1966 mwenye redio mojawapo, si Caroline, akauawa kwa risasi katika ugomvi. Bunge likatunga sheria, ikaanza kutumika usiku wa manane wa tarehe 14 Agosti 1967. Tazameni ujanja wake: haikuigusa meli, kwa maana meli ilikuwa nje ya mipaka. Ilimkataza raia wa Uingereza kufanya kazi humo, kuipelekea chakula, au kuilipa itangaze bidhaa zake. Redio nyingi zilifunga. Caroline ikakataa, ikahamisha ofisi yake Amsterdam.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Tarehe 30 Septemba 1967, wiki chache tu baadaye, BBC ilifungua Radio 1 ya muziki wa vijana. Na sauti ya kwanza ilikuwa ya nani? Ya Tony Blackburn, aliyewahi kutangaza katika Caroline!

Machi 1968 meli zote mbili zilivutwa hadi Uholanzi kwa sababu ya deni la kampuni iliyozihudumia. Mi Amigo ilirudi kutangaza mwaka 1972. Sasa Caroline haikushindana na Radio 1 kwa nyimbo fupi zinazouzwa sana. Ilipiga santuri ndefu za roki, ambazo redio nyingine hazikuzijali. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipofanya kazi yake bora kuliko zote. Machi 1980 Mi Amigo ilizama katika dhoruba. Mashua ya uokozi iliwachukua watu wanne na ndege wao mmoja wa kufugwa. Mlingoti ukabaki umesimama juu ya maji kwa miaka.

Mwaka 1983 Caroline ilirudi katika meli ya tatu, Ross Revenge, iliyokuwa ya kuvulia samaki. Novemba 1991 nayo ikapanda fungu la mchanga liitwalo Goodwin Sands, na huo ukawa mwisho wa kutangaza baharini bila ruhusa.

Leseni, lile neno lililo ubaoni, Caroline ilipewa mwaka 2017, ya kutangaza kwa mawimbi ya kilohezi 648. Mawimbi hayo zamani yalikuwa ya BBC.