Siri Iliyo Chini ya Dhahabu

Mwaka 1874 meli ya Kifaransa iitwayo Nil ilizama karibu na pwani ya Izu, Japani, ikirejesha vyombo vilivyopelekwa kwenye maonyesho ya Vienna ya 1873. Humo mlikuwa na visanduku vya mbao vilivyopakwa urushi. Vilikaa baharini zaidi ya mwaka, na vilipoopolewa vilikutwa havikuharibika sana. Sisi watu wa pwani twajua maji ya chumvi huufanya nini ubao!

Siri haimo katika dhahabu ionekanayo juu. Urushi ni utomvu wa mti ambao huchanjwa baada ya miaka kumi au zaidi, ukatoa kiasi cha gramu 200 tu. Ukiwa mbichi huwasha ngozi na kuivimbisha. Na ajabu yake haukauki kwa jua, bali huganda ndani ya kabati lenye unyevu na joto la kiasi. Fundi hupaka tabaka nyembamba, akangoja, akaisugua, akapaka nyingine. Katika mji wa Wajima chombo kimoja hupita hatua zaidi ya 100, na kingo zake hubandikwa kitambaa ambacho mnunuzi hatakiona maisha yake. Fundi amchaye mnunuzi peke yake angekiacha.

Ndipo ije dhahabu. Utomvu ukiwa bado mbichi, fundi huunyunyizia unga wa dhahabu kwa kijibomba cha mwanzi. Ufundi huu huitwa maki-e. Mara nyingine huifukia dhahabu yote chini ya urushi, kisha akasugua kwa makaa mpaka ikachomoza tena.

Michoro nayo husema. Msonobari haupukutishi majani wakati wa baridi. Mwanzi huinama usivunjike. Korongo na kobe ni alama za umri mrefu, ingawa sisi twajua umri u mikononi mwa Nani.

Mimi nakipenda zaidi kisanduku cha vifaa vya kuandikia cha Ogata Korin (1658–1716). Pana daraja la madini ya risasi na maua ya gamba la baharini. Kisa chake ni cha msafiri aliyeyaona maua hayo darajani, akatunga shairi la kumkumbuka mkewe aliyemwacha mbali. Msafiri hakuchorwa, wala mke. Lakini Mjapani aliyesoma akiyaona maua hukumbuka kuwa wenzake walipolisikia shairi lile walilia, machozi yakaulowesha wali wao mkavu wa safari.