Uchonganji wa mbao kwa CNC: Jinsi ya kuchagua programu nafuu ya usanifu

Mashine ya CNC huchonga ubao kwa kufuata amri za kompyuta. Teknolojia hiyo ilianzia viwandani: mwaka 1952 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, nchini Marekani, ilionyesha mashine ya kukatia chuma iliyoongozwa kwa tarakimu. Leo zipo mashine ndogo zinazotosha juu ya meza ya mtu anayechonga mbao nyumbani kwa kujifurahisha. Hata hivyo, anayeinunua hutambua upesi kwamba mashine haichongi chochote bila programu, na kwamba programu ya bure yaweza kumgharimu baadaye.

Hatua tatu

Wazo hupitia hatua tatu kabla ya kuwa kibao kilichochongwa. Kwanza, umbo huchorwa. Pili, hupangwa njia ya kisu: kisu kipi kitumike, kizame kiasi gani na kipite wapi, matokeo yake ni faili ya amri ziitwazo msimbo wa G. Tatu, amri hizo hupelekwa kwenye mashine. Programu moja yaweza kufanya yote matatu, lakini si lazima. Anayezitenganisha hatua hizi hupata nafasi ya kubana matumizi.

Zilizopo

Kwa michoro bapa, kama vile majina, maua na nakshi, Inkscape hutosha. Ni programu huria iliyoanza mwaka 2003, haina malipo, na hufanya kazi bila intaneti. Kwa samani zenye vipimo na viungio, ipo FreeCAD, ambayo nayo ni huria. Ilianza mwaka 2002 na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ina sehemu ya kupanga njia ya kisu, ingawa humdai mwanafunzi wake subira.

Easel, ya kampuni ya Inventables, ni rahisi kwa anayeanza, lakini hutumika kupitia kivinjari, na baadhi ya uwezo wake hulipiwa. VCarve, ya kampuni ya Vectric, hununuliwa badala ya kukodiwa kwa mwezi. Toleo lake la majaribio ni la bure, ila halitoi amri za kuchonga kazi aliyoichora mtumiaji mwenyewe.

Kuhusu hatua ya tatu, mashine nyingi ndogo hutumia Grbl, programu huria iliyozaliwa mwaka 2009. Candle na Universal Gcode Sender huzipelekea mashine hizo amri bila malipo.

Bure yenye masharti

Fusion 360, ya kampuni ya Autodesk, ilipendwa na wengi kwa kuwa iliunganisha kuchora na kupanga njia ya kisu, tena bure kwa matumizi binafsi. Mwaka 2020 masharti yalibadilika. Mtumiaji wa bure aliwekewa kikomo cha faili 10 anazoweza kuzihariri kwa wakati mmoja, na akaondolewa kasi ya juu ya kisu kinaposogea bila kukata. Kazi ileile ikaanza kuchukua muda mrefu zaidi. Leseni hiyo pia haimfai anayepata dola 1,000 za Marekani au zaidi kwa mwaka kutokana na kazi zake.

Kampuni ina haki ya kupanga bei ya bidhaa yake. Lakini mchongaji aliyezoea programu moja, na ambaye michoro yake yote imo humo, huwa hana pa kukimbilia masharti yanapogeuka.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kuchagua, inafaa kuuliza: Je, programu hufunguka mtandao unapokatika? Je, huhifadhi michoro katika miundo inayosomwa na programu nyingine, kama SVG na DXF kwa michoro bapa au STEP kwa maumbo ya pande tatu? Je, leseni inaruhusu kuuza kibao kilichochongwa? Je, amri zake zinaeleweka na mashine iliyopo?

Kisha ichongwe kazi moja ndogo, tangu mchoro hadi ubao, kabla ya kulipa chochote. Na kila mchoro uhifadhiwe nakala katika muundo ulio wazi. Programu yaweza kubadilishwa, lakini kuchora upya kazi ya miaka mitatu ni adhabu.